Asiyeitikiwa Hukaa Kitako

"Asiyeitikiwa hukaa kitako." Ndiyo, nilisema hivyo asubuhi kwenye simu, nikamkatia mjomba wenu. Mkaacha hata tamthilia yenu ya Kikorea mje kuniuliza maana yake. Haya, kaeni. Na mniitikie, mimi sisimulii ukuta. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Kwemdimu zamani mtu hakusema barazani peke yake. Alisimama na mwitikiaji. Yeye akitoa neno, mwitikiaji anajibu, "Enhe!" Akitoa jingine, "Enhe!" Kuitikia si kukubali, msije mkachanganya. Ni kumwambia mwenzio nakusikia, songa mbele. Hata hao Wakorea wenu, mmoja akisema, mwenzake si yuko pale na "ne, ne" yake? Watu ni watu. Sasa hapa kwetu ilikuwa sheria: ukirudia neno mara tatu usiitikiwe, neno hilo halikusemwa. Kaa kitako, apishwe mwingine.

Mwitikiaji wa mji alikuwa Mwashamba, bibi yangu mzaa mama. Mfinyanzi, sauti kama ngoma. Udongo wake aliuchimba bondeni, pale pale ninapochimba mimi. Wanawake wote wa mji walikula kwa udongo ule.

Basi Jumbe Mwinchande akapatana kichinichini na tajiri wa mkonge ampe lile bonde. Ikabaki kulitamka barazani tu. Siku hiyo tajiri kaketi mbele, kavaa kofia yake. Jumbe akasimama, Mwashamba kando yake.

"Wazee wetu walifika hapa kwa miguu."

"Enhe!"

"Wakafyeka pori, wakajenga."

"Enhe!"

"Lakini bonde la chini hawakulitumia. Halina mwenyewe."

Kimya. Jumbe akadhani mama wa watu kapaliwa na mate.

"Nasema, bonde halina mwenyewe!"

Kimya. Mwashamba kakaza macho mbele, mikono ina udongo hadi kwenye viwiko.

"Wewe Mwashamba, itikia!"

"Sisikii kitu, Jumbe."

"Nitakufukuza mji huu!"

"Nifukuze! Nitalala bondeni, alikochimba mama yangu, na mama yake. Kinywa hiki ni changu. Uongo wako ubebe mwenyewe, mimi sikutwishi!"

Lo! Jumbe akamgeukia mkewe wa pili. "Itikia wewe." Mke akajitia kuifunga kanga yake upya. Akawageukia wazee, wazee wakatazama miguu yao. Akalirudia neno mara ya tatu, na kwa kukosa wa kumwitikia, akajiitikia mwenyewe: "Enhe!"

Baraza zima liliangua kicheko. Hata yule tajiri, Kiswahili chenyewe cha kuokoteza, alijua mambo yameharibika. Akachukua kofia yake akaondoka. Jumbe akakaa kitako, na bonde likabaki la wafinyanzi.

Mjomba wenu anaijua hadithi hii tangu mdogo, ndiyo maana inaniuma. Anataka kuliuza bonde lile lile, na pasipo neno langu hawezi. Mimi namjibu "enhe, mwanangu, enhe," kumbe namsukuma mbele. Leo basi!

Ngojeni, simu hiyo inalia. Ni yeye. Zaituni, weka spika, iache hapo juu ya chungu. Atakayeguna nitamchapa na mwiko.

"Shikamoo, mama. Nipo na mteja hapa."

...

"Mama, lile bonde limekaa bure tu, si unajua?"

...

"Mama? Upo? Mama, limekaa bure..."

...

"Haloo? Nasema limekaa... Aa. Mama, usinifanyie hivyo. Basi. Basi, mama. Namwambia aende zake."

Kata simu, mjukuu wangu. Marahaba yake ninayo hapa, aje kuichukua mwenyewe, na asije na mteja. Mmesikia wenyewe: asiyeitikiwa hukaa kitako.