Jinsi Kiti Kilivyopata Magoti

Mwanaidi, umeniuliza swali la haki, tena mbele ya mama yako na shangazi zako: kwa nini viti vyangu vyote vina miguu iliyopinda, wakati wewe unataka miguu iliyonyooka kama ya kwenye hiyo picha ya simu yako. Shangazi zako wamecheka, wakasema Bi Salha amezeeka naye, anang'ang'ania mitindo ya kizamani. Sawa, nimezeeka. Lakini miaka arobaini na moja nimevalisha makochi hapa Keko, na ninakijua ninachokivalisha. Kaeni niwaeleze. Kaeni popote, ila kile cha kijani kinachotazama mlango mkiache.

Habari hii aliniachia marehemu baba, seremala, naye aliipata kwa mtawa mmoja wa Kifaransa aliyemletea kiti kukitengeneza.

Kulikuwa na wakati viti havikuwa na magoti. Huko Ufaransa, katika mji wa Paris, ambako watu wanajivunia kukaa kuliko sisi tunavyojivunia kula, kiti kilikuwa na miguu minne iliyonyooka, tena imefungwa kwa chini kwa vijiti, mguu na mguu mwenzake, kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Kilikuwa kirefu cha mgongo, kizito, na mahali pake palikuwa ukutani. Kikishawekwa, kimewekwa. Hata mfalme wao, na dhahabu yake yote, alikalia kiti kilichofungwa miguu.

Katika mtaa wa mafundi mbao aliishi Anselmi na mkewe Klodina, na binti yao mmoja tu, Perina. Majina nayatamka kwa ulimi wangu, msinicheke. Anselmi alichonga viti na Klodina akavivalisha, kazi hii hii yangu: manyoya ya farasi ndani, kitambaa juu, misumari ya shaba pembeni. Perina alipotimiza miaka kumi na tisa aliolewa na baharia, akapelekwa kisiwa cha mbali, huku huku kwenye bahari yetu, mwendo wa miezi mingi kwa meli. Siku ya kuondoka mama yake alimshika mikono, akamwambia, "Mwanangu, siku utakayorudi utanikuta nimesimama. Sitakupokea nimekaa." Kwao ilikuwa kama kwetu, aliyetoka mbali huinukiwa. Ukimpokea umekaa, ni kama kumwambia hukuwa ukimngoja.

Basi Klodina akawa anangoja. Nyumba yao ilikuwa ghorofani, na ngazi zilikuwa za mbao, hapandi mtu asisikike. Hatua zikisikika, Klodina aliweka sindano chini, akashika mikono ya kiti na kuinuka nusu: amekwisha kuachana na kiti, magoti yamepinda, macho mlangoni. Hatua zikipita kwenda kwa jirani, alirudi kukaa. Mara kumi kwa siku, mara ishirini, miaka saba. Anselmi alimwona na hakumkataza, maana na yeye masikio yake yalikuwa kwenye ngazi.

Mwaka wa nane magoti ya Klodina yaligoma. Yalivimba, yakakakamaa, na asubuhi moja hatua ziliposikika alijaribu kuinuka akashindwa. Alilia kama mtoto.

"Anselmi, Perina akija nani atamwinukia?"

"Nitamwinukia mimi."

"Hukumuahidi wewe. Nilimuahidi mimi."

Anselmi akashuka karakana. Ukutani kwake vilitundikwa vigezo, vile vibao vyembamba vya kuchorea mguu kabla ya kuukata, alivyorithi kwa baba yake, vyote vimenyooka. Akavitazama kimoja kimoja, akaviacha. Akachukua kibao kipya, akapanda nacho juu, akamwomba mkewe ajaribu kuinuka mara moja tu tena. Klodina akajikaza. Kwa muda wa kuhesabu tano alikaa hewani, na Anselmi akachora kwa mkaa ubavuni mwake: paja likitoka nje, goti, muundi wa mguu ukirudi ndani, kisigino kikijiandaa. Hicho ndicho kigezo cha kwanza cha mguu uliopinda.

Kwa chini alichonga kwato za paa, kwa kuwa paa akisikia mshindo huwa ameshainuka kabla hajatazama. Kisha akatoa vile vijiti. Aliyefungwa miguu atainukaje? Kiti kilipokamilika akakiweka chumbani, mbali na ukuta, kimeelekea mlango.

Hapo alijitafutia balaa. Mafundi wa mji ule walikuwa na chama, na wazee wa chama walipita kila nyumba kukagua kazi. Kiti kisicho na vijiti kilikuwa kosa. Kilikuwa kikivunjwa kwa nyundo papo hapo, na fundi akinyang'anywa muhuri wake wa kazi. Wakaja wazee watatu. Mmoja wao, mnene kuliko wenzake, akasema kiti hiki kitamwangusha mtu, akainua nyundo.

"Kikalie kwanza, baba," Klodina alimwambia kutoka kitandani.

Mzee akakikalia kwa kishindo, makusudi. Kiti kikalalama kidogo, kikatulia. Akajitikisa huku na huku, kimetulia. Ndipo mtu akapanda ngazi, sijui muuza maji, sijui jirani, na yule mzee akajikuta ameshika mikono ya kiti anatazama mlango. Alikuwa na mtoto wake vitani. Aliinuka na nyundo yake akaondoka, na baada ya wiki alituma mtu kuomba kigezo.

Kigezo kikazunguka karakana hadi karakana. Mfalme akakitaka, akavipaka viti dhahabu. Mabibi wakubwa wakavivalisha hariri ya maua. Viti vikaondoka ukutani vikasogezwa karibu karibu, watu wakae wakitazamana. Wote walidhani ni urembo, na hakuna aliyeuliza yale ni magoti ya nani.

Klodina alikufa mwezi wa pili, mwaka wa kumi. Perina alifika mwezi wa tano.

Alikuja mjane, na sanduku moja. Baba yake alimfungulia mlango akiwa na nguo za msiba. Perina akakiona kiti: kimemwelekea, magoti yamepinda, mikono imefunguka, kimeinuka nusu.

"Baba," akasema, "alikuwa anainuka."

"Kila siku," alijibu Anselmi.

Tangu kigezo kile viti vya sebuleni vina magoti. Vilivuka bahari na wenye nazo, vikaigwa na fundi huyu na yule, hadi vikafika hapa Keko, tunavichonga kwa mninga na kuvivalisha mahameli, na wanunuzi hawajui vinamngoja nani. Hata mimi sikuwa nikijali, mpaka binti yangu Sijali alipopanda ndege kwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Huu mwaka wa kumi na mbili. Kile cha kijani nimekibadilisha kitambaa mara nne, na hakijakaliwa hata siku moja. Nina hamu ya kumwona mwanangu, basi, nimesema.

Sasa, Mwanaidi. Seti yako ina viti saba. Unaolewa Bukoba, na Bukoba ni mbali, si hapo Mbagala. Mama yako tangu aingie kazi yake kupapasa misumari ya hicho kiti alichokalia. Viti sita chukua, uende navyo kwako. Ukitaka nitamwambia fundi akunyooshee miguu yote, roho yako iridhike. Cha saba kitakuwa na magoti, na hakipandi lori. Nitakivalisha kwa mkono wangu. Mama yako aniambie tu mlango wake umeelekea wapi.