Mzee, Tutakushushaje?

Paukwa.

"Pakawa."

Hodi, wenye masikio.

"Karibu, mwenye ulimi."

Niingie na ukweli?

"Ukweli uache nje na viatu. Ingia na uongo."

Haya, naingia nao. Sogeeni.

Palikuwa na nyumba. Nasema nyumba kwa sababu ulimi wangu hauna neno kubwa zaidi. Ukisimama chini ukaitazama, kofia inadondoka nyuma. Ukiiokota ukatazama tena, inadondoka tena. Ilikuwa ghorofa juu ya ghorofa, juu ya ghorofa, na waliopanga kule juu wanasema ukichungulia dirishani unamwona mwewe akiruka, lakini unamwona mgongo. Mgongo wa mwewe, jamani. Nani kati yenu amewahi kuuona?

Na maji yalipanda. Yalitoka ardhini yakapanda ndani ya bomba, hayana miguu, hayajui ngazi, mpaka kwenye tangi juu ya paa. Kisha yakashuka mlango kwa mlango, kila mpangaji akapata yake. Jambo hili nimelifikiria sana, na mpaka leo linanishangaza.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Kiboko.

Zamani Kiboko aliishi mtoni, lakini mto ulimkera. Twiga anakunywa humo, nyani anakunywa humo, hata nyuki anakuja kulamba. "Mimi nataka maji yangu peke yangu," akasema. Akajenga, akapangisha. Nyumba ilipojaa, akapanda ngazi, ndi, ndi, ndi, mpaka juu ya paa. Akalitazama tangi. Akaingia, chubwi! Makalio yake yakaziba tundu la bomba, akafumba macho, akasema, "Ahaa."

Huku chini mabomba yakakohoa. Kho. Kho. Khooo. Kisha yakanyamaza.

Wapangaji wakapanda kulalamika, na walipanda mmoja mmoja, maana katika nyumba ile hakuna aliyemjua mwenzake. Kila mtu na mlango wake. Wakikutana kwenye ngazi walitazama ukuta. Basi akapanda Punda.

"Nyumba ya nani?" Kiboko akamwuliza.

"Yako, mzee."

"Asiyetaka?"

"Ahame."

Punda akashuka. Akapanda Nungunungu.

"Nyumba ya nani?"

"Yako, mzee."

"Asiyetaka?"

"Ahame."

Nungunungu naye akashuka. Ikawa hivyo hivyo kwa kila aliyepanda, mpaka watu wakaacha kupanda.

Sasa, ghorofa ya tatu alipanga Mama Chura, naye alikuwa ametaga mayai yake ndani ya beseni. Yai la chura si yai la kuku, ndugu zangu. Yai la chura likikosa maji limekwisha. Na maji ya beseni yalikuwa yanapungua. Kila akitazama, ukingo mkavu umeongezeka. Kuhama hawezi, maana beseni la mayai halipandi mkokoteni. Alikuwa hali wala halali, amekaa tu kando ya beseni.

Kwenye dari lake, nyuma ya taa, alikaa Mjusi. Kodi hajawahi kulipa, lakini hilo tuliache.

"Jirani," Mama Chura akasema akitazama juu, "wanangu wameanza kuota macho. Wananitazama."

Mjusi akashuka ukutani, akachungulia beseni. Vitone vyeusi vikamtazama na yeye. Ikamuuma.

"Nitapanda nikamsalimie mzee," akasema.

"Usigombane naye. Atakukanyaga."

"Sigombani. Nitamwuliza swali tu."

Mjusi hana haja na ngazi. Alipita ukuta wa nje, tiki tiki tiki, akatokea kwenye ukingo wa tangi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kulalamika? Nyumba ya nani?"

"Yako, mzee. Sikuja kulalamika. Nimekuja na swali dogo la upendo. Siku yako ikifika, Mungu aiweke mbali, tutakushushaje?"

Kiboko akafungua jicho moja. "Kunishusha kwenda wapi?"

"Kwenda kuzikwa, mzee. Ngazi ina kona, na kila ghorofa ina kona yake. Kupanda ulipanda kwa miguu yako, tulikusikia. Lakini siku hiyo miguu yako itakuwa imepumzika, na mtu hushuka kwa mabega ya majirani."

"Majirani gani?"

"Ndilo swali lenyewe, mzee. Haya, pumzika salama." Mjusi akateremka zake.

Kiboko hakupumzika. Kila akifumba macho alijiona amekwama kwenye kona ya ghorofa ya tano, miguu juu, watu wanamruka wakienda dukani. Akaletewa majani mabichi, yakambakia mdomoni. Mwisho akanguruma Mjusi aitwe.

"Nimefikiri," akasema. "Mazishi yangu yatakuwa makubwa kuliko ya mnyama yeyote aliyewahi kufa. Wapangaji wote watanibeba. Na nataka niyaone kabla, nijue nani habebi vizuri na nani halii."

Mjusi akatikisa kichwa, kama wajusi wanavyotikisa. "Mzee, mazishi hayana mazoezi."

"Nyumba ya nani?"

"Yako, mzee."

"Basi yana mazoezi. Ni leo."

"Na desturi zake zote?"

"Zote. Ukipunguza hata moja nitakukanyaga."

"Mimi sitapunguza, mzee. Mimi ni nani hata nipunguze?"

Mjusi akakimbia kuta zote za nyumba, akigonga milango yote. Ko ko ko. "Msiba! Mwenye nyumba anatoka." Ko ko ko. "Msiba! Tokeni tumsindikize."

Hapo ndipo ilipotokea ile ajabu. Milango ikaanza kufunguka, krii, krii, krii, kutoka chini mpaka juu. Akatoka Punda. Akatoka Nungunungu. Wakatoka kanga na watoto wao, wakatoka makobe, wakatoka panya, wakatoka siafu waliopanga ufa wa chini ya ngazi, na mstari wao ulikuwa hauna mwisho. Ngazi ikajaa, na bado milango inafunguka. Tangu nyumba ile ijengwe hawajawahi kutoka wote kwa pamoja.

"Kumbe wewe ndiye unayekohoa alfajiri?"

"Kumbe wewe ndiye unayekaanga vitunguu?"

Punda akatazama juu, akatazama chini, akasema polepole, "Tuko wengi hivi?" Walikuwa wamejiogopa kidogo.

Wakaling'oa geti la nyumba, lile la chuma, wakalipandisha mpaka juu ya paa, likawa jeneza. Kiboko akatoka kwenye tangi, maji yakimchuruzika, akalala chali juu yake. Akafumba jicho moja, jingine akaliacha lichunguze.

"Lieni," akasema.

Wakalia. Walilia vizuri sana, maana kila mpangaji alikuwa na lake.

"Inua!" Mjusi akasema kutoka ukutani.

"Eee!"

Geti likalia, nyoo, nyoo, na Kiboko akainuka. Wasikilizaji wangu, Kiboko aliinuka. Mzigo ambao Punda peke yake asingeusogeza hata unywele ulikuwa unaelea juu ya migongo ya panya na kobe na kanga na siafu, unashuka ngazi.

"Kona!"

"Eee!"

"Taratibu!"

"Eee!"

Walipofika ghorofa ya tatu wakasikia kitu nyuma ya mlango wa Mama Chura. Tiri. Tiri tiri. Tiritiri, chururuuu. Tundu la bomba lilikuwa wazi, na maji yalikuwa yameshuka kabla yao. Mama Chura alikuwa ameshika pembe ya geti, hawezi kuiachia, machozi yanamtoka, na safari hii hayakuwa ya mazoezi.

"Nipe pembe yako, jirani," akasema Nungunungu, ambaye hajawahi kuzungumza naye. "Nenda kwa wanao."

Akampa. Akaingia ndani mbio, akasogeza beseni chini ya bomba. Wengine wakaendelea kushuka. Kona, eee. Kona, eee. Mpaka nje, mpaka barabarani, wakamtua Kiboko mavumbini polepole.

Kiboko akafungua macho yote mawili. Alikuwa amefurahi.

"Si vibaya," akasema. "Pale ghorofa ya tano mliniyumbisha. Haya, nirudisheni juu."

Mjusi alikuwa juu ya mlango. "Desturi, mzee. Ulisema tusipunguze hata moja. Aliyetolewa kwa jeneza harudi ndani."

Kiboko akasimama. "Nyumba ya nani?"

Wakajibu wote, walio nje na walio ndani, na wale waliojaa kwenye ngazi mpaka juu kabisa, sauti moja:

"Ya marehemu."

"Marehemu gani? Mimi ni mzima."

"Mizimu yote husema hivyo," Mjusi akasema kwa upole. "Mungu akulaze pema, mzee."

Kiboko akatazama mlango wake. Geti halipo, alikuwa amesimama juu yake. Mlango ulikuwa umejaa macho, madogo na makubwa, yametulia. Nguvu za kuwakanyaga alikuwa nazo. Lakini alikuwa ametoka kubebwa nao sasa hivi, na mgongo wake bado ulikuwa unakumbuka jinsi walivyomwinua. Akaogopa. Tangu azaliwe hajawahi kuogopa, na siku ile aliogopa panya.

Akageuka, akaenda mtoni, na mtoni ndiko aliko. Mchana kutwa amezama majini, ametoa macho na masikio tu, anachungulia kama wale watu wanakuja na geti.

Na kwa Mama Chura beseni lilijaa. Mayai yakapasuka, vikatoka vitoto vyenye mikia, vingi, vinazunguka na kuzunguka ndani ya maji safi. Wapangaji walipanga foleni mpaka kwenye ngazi kuvitazama, mmoja baada ya mwingine.

Hadithi nimeitua. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.

Na funzo? Najua mtaliuliza, haya, shikeni. Mpangaji mwema hajuani na jirani yake. Asiende kuomba chumvi, asiulize mgonjwa ameamkaje, asijue hata jina la mtoto wa mlango wa pili. Nawaambia kwa faida yenu. Maana wapangaji wakishajuana, ndugu zangu, hakuna mzigo wasioweza kuutoa nje.