Nguvu za Kisima na Kiti Kimoja

Sogeeni mkae. Mtakachosikia kina swali ndani yake, na anayewasimulia hana jibu.

Palikuwa na meli ya kazi iliyosimama juu ya kisima cha mafuta kilichopasuka chini kabisa ya bahari, kule mwanga usikofika. Mkuu wa kazi alikuwa mwanamke aitwaye Mwanakheri, na chini yake walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Nyamizi alikuwa na macho: akitazama kitu kinachokwenda, anakwambia kinakwenda kasi gani. Kombo alikuwa na mikono: aliiendesha roboti ya chini ya maji akiwa amekaa mbele ya skrini, nayo ikamtii. Mzee Shekue alikuwa na subira: mpe chupa ya mafuta machafu, atakutajia kila kilichomo.

Mfuniko wa kukifunga kisima ulikuwa tayari. Shida ni kwamba hakuna aliyejua kisima kina nguvu kiasi gani. Kikifungwa vibaya, kingepasua sakafu ya bahari pembeni, mafuta yakatoka kila mahali, na bahari nzima haina mfuniko. Mwanakheri alikuwa amechoka hata chai haimshuki. Helikopta ya mwisho kabla ya tufani ilikuwa njiani, imejaa majeruhi wa meli nyingine, imebaki nafasi moja tu, nayo ni yake. Akasema mbele ya wote, "Atakayenipa namba ya kweli, kiti changu achukue yeye."

Alisema kwa uchovu, lakini alisema.

Nyamizi akaikodolea macho skrini. Kwanza alipima ukingo wa wingu la mafuta lililokuwa likifoka kutoka kisimani, akapata kasi ndogo, watu wakapumua. Yeye moyo haukutulia. Ukingo husuguana na maji ukajikokota. Mafuta hukimbilia katikati. Akaanza upya, akifuata donge moja baada ya jingine mpaka macho yakawa mekundu, na namba ikapanda maradufu. Nyumbani ameacha mtoto mchanga ambaye sasa akisikia sauti yake kwenye simu, analia.

Kombo akapeleka kipimo cha presha mpaka mdomoni mwa bomba la kisima. Kipimo kikasoma, Mwanakheri akafurahi. Kombo hakufurahi, maana bomba lilikuwa linatikisika na namba imetulia tuli.

"Mkuu, hiki hakipimi kitu," akasema. "Kimezibwa na barafu."

Kule chini gesi ikikutana na maji baridi huganda, na tundu la kipimo lilikuwa limejaa. Kombo akaunganisha zamu kwa zamu, akilimwagia dawa ya kuyeyusha kwa mkono wa roboti, kidogo kidogo asije akakivunja kipimo, hadi namba ikaanza kucheza. Huko Pemba baba yake alikuwa hoi kitandani, akimtaja yeye tu.

Ikabaki gesi. Gesi ikiwa nyingi, mafuta huwa mepesi, na yakizuiwa huupiga mfuniko kwa nguvu zaidi. Mzee Shekue akapima chupa ya mafuta iliyochotwa kisimani, akasema gesi ni kidogo. Hesabu zikakubali: funga mara moja. Watu wakaanza kunyoosha migongo. Ndipo mzee akarudi, miwani mkononi. Kizibo hakikukaza wakati chupa inapandishwa, gesi ikatoroka njiani, na hakuna mwingine aliyejua.

"Namba yangu ni ya uongo," akasema. "Nimekosea mimi. Nipeni chupa nyingine."

Chupa ya pili ikageuza kila kitu: kifungwe, ila taratibu, na njia ya pembeni ya mfuniko iachwe wazi kwanza ili presha ipungue. Wakafunga hivyo, na sakafu ya bahari ikashikilia. Hakuna aliyeshangilia. Kombo alilala palepale mezani. Mzee Shekue akauliza kama leo ni Alhamisi, maana kesho yake bintiye anaolewa, naye ndiye baba wa kumwozesha.

Maneno yakaanza. Wengine walisema kasi ya Nyamizi ndiyo msingi wa yote. Wengine wakasema bila Kombo wangefuata kipimo kilichokufa. Wengine wakamtaja mzee, aliyejiumbua ili watu wapone. Wakajibiwa kwamba ni huyohuyo aliyekaribia kuwaangamiza. Mwanakheri akapiga hesabu upya, kila mara akimwondoa mmoja, na kila mara ikatoka takataka.

Akapanda sitahani, helikopta imeshatua. Aliwakuta watatu hao wamesimama, kila mmoja na begi lake, hakuna anayemtazama mwenzake, hakuna anayeomba. Rubani akamwinulia kidole kimoja.

Haya, nyinyi mliolala mkashiba usingizi: Mwanakheri amshike nani mkono ampandishe, na wale wawili wanaobaki awaambie nini?