Ndoo ya Nini, Mama?

Hii imenifikia asubuhi kwenye kundi la familia, nikaicheka hadi chai ikapoa. Isome yote, kisha usikae nayo peke yako!

Kampuni moja jijini Nairobi ilitafuta mtu wa kupokea simu za wagonjwa wa dharura. Nafasi ilikuwa moja, na waliobaki mwisho walikuwa wawili: kijana mmoja mtanashati, na Tima, binti wa Mombasa.

Tima aliisubiri kazi hii miaka miwili. Chuoni walimcheka kila aliposema "kitwa" badala ya kichwa "mato" badala ya macho na "ndia" badala ya njia, basi akajifundisha kuzungumza kama msoma taarifa ya habari. Hata mamake akimpigia simu alidhani amekosea namba.

Mkurugenzi, mtu wa tai na miwani, aliwaketisha mbele ya simu, akatoa amri moja.

"Hapa ni Kiswahili sanifu tu. Atakayeteleza, mlango ule pale."

Simu ikalia. Kijana akapokea. Sauti ya bibi mzee ikapasua sikio: "Ndoo, mwanangu! Ndoo upesi!"

"Ndoo ya nini, mama? Hapa hatuuzi ndoo."

Simu ikakatika. Ikalia tena, zamu ya Tima.

"Ndoo! Kitwa chaniuma, mato hayaoni ndia!"

Jamani, Tima alielewa papo hapo! Huyu hataki ndoo ya maji. Kwao Mombasa, "ndoo" ni njoo! Akamtazama mkurugenzi, akautazama mlango. Kisha akaamua kazi na iende zake.

"Keti tini, mamangu, usitoke ndiani. Nipo nawe. Nyumbani uko na nani?"

Bibi akatulia, akajibu swali moja moja mpaka mtaa na nyumba vikajulikana. Tima akaweka simu, akachukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi?" mkurugenzi akauliza.

"Nimeteleza, bwana."

"Aliyepiga ni mama yangu. Yuko chumba cha pili anakunywa chai. Mwezi uliopita aliugua kweli, akapiga simu hapa, akaulizwa ndoo ya nini. Nilitaka kujua nani atavunja amri yangu kwa ajili ya mgonjwa."

Akalegeza tai, akavuta kiti, akatamka neno ambalo ofisini hajalitamka miaka kumi na tano.

"Ndoo."

Tima akaja mbio, analia na kucheka.

Funzo: Jifunze lugha ya ofisini, lakini ya kwenu usiitupe; kuna mtu atakuita kwa lugha hiyo siku ambayo hana mwingine wa kumwelewa.