Yuko Ndani

Hapo zamani, si zile za kale wanyama walipokuwa wakisema, bali zile za juzijuzi wanawake walipokuwa wakinyamaza, palikuwa na mji uitwao Udongoni. Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi. Hadithi hii ni ya maumivu, na anayeisimulia ni mtu ambaye akiumwa jino moja nyumba nzima hailali, majirani wanabisha hodi, na mke anaulizwa kama sanda ipo. Sistahili kuisimulia. Lakini nimezurura nayo miji mingi, imekataa kutulia kifuani, basi niacheni niitue.

Wanawake wa Udongoni walikuwa wafinyanzi. Walichimba udongo, wakaukanda, wakaufinyanga, wakaanika vyungu kivulini. Na vikikauka waliviinamisha uwanjani, wakavifunika kwa makumbi ya nazi na magome, wakawasha moto. Mji mzima ulikuja kwenye moto huo. Ila mwanamke aliye katika siku zake hakusogea. Akisogea, walisema, vyungu vitapasuka. Vyungu vyenyewe vilipasuka tu, hata moto ukiwashwa na vikongwe waliokwishasahau mambo ya mwezi, lakini nani atabishana na chungu?

Basi mwanamke akiziona siku zake alikaa chumbani. Hakutangaza. Watu walimkosa motoni, wakaelewa. Ukiuliza, "Fulani yuko wapi?" unajibiwa, "Yuko ndani." Yamekwisha hapo. Ukiuliza tena, wewe ama mgeni ama huna adabu. Mimi, najijua, ningeuliza mara tatu kisha ningechungulia dirishani.

Katika mji huo alizaliwa binti, jina lake Mwanakheri. Alipovunja ungo, tumbo lilimshika kwa namna ambayo wenzake hawakuijua. Alijikunja, akatapika, akauma kamba za kitanda. Mama yake, kwa desturi, hakuingia. Aliyeingia ni somo wake, Bi Nyamvula, maana kila binti wa Udongoni alikuwa na somo mmoja, mwanamke mzima anayefungiwa naye chumbani kumfundisha mwili wake. Atakalosema somo nyuma ya mlango ule ndiyo sheria ya yule binti hadi anazikwa.

Bi Nyamvula alikaa naye. Alimsugua kiuno mpaka viganja vyake vikavimba. Alimfundisha kukunja vitambaa, kuvifua na kuvianika pasipoonekana. Alimpa tangawizi atafune, akamfundisha kuvuta pumzi polepole, magoti yakiwa kifuani. Na alimfundisha neno moja.

"Mwanangu, tumbo litauma. Liache liume. Mdomo usifunguke. Ya ndani ni ya ndani."

"Na likizidi, somo?"

"Litazidi. Nawe zidi."

Mwanakheri akaapa. Akatoka pale amenyooka kama mchi. Mwezi ukija, anaingia ndani. Mwezi ukipita, anatoka, anakanda udongo, anacheka. Mikono yake ilifinyanga mitungi ambayo watu waliona haya kuitia maji. Mwanakheri yuko wapi? Yuko ndani. Basi.

Akaolewa. Mumewe alikuwa mchuuzi wa vyungu, leo bandari hii, kesho gulio lile. Lakini nyumba ile ilikuwa na wifi yake, Chausiku, dada wa mume, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Mwezi wa kwanza tu alimwona Mwanakheri akiingia chumbani ameshika ukuta. Hakuuliza, maana haiulizwi. Alikwenda uwanjani, akaokota kigae cha chungu kilichopasuka, akakifukia kwenye majivu ya moto, akakifunga kwa kanga kuukuu, akakipenyeza mlangoni.

Mwanakheri akakilaza tumboni. Mara ya kwanza tangu avunje ungo, alilala usingizi.

Tangu hapo kila mwezi kigae kilikuja. Kikipoa, kingine kinagonga. Na chai ya tangawizi na mdalasini nyuma yake. Na zaidi: Chausiku alifanya kazi ya wifi yake pamoja na yake, akapanga vyungu vya watu wawili, ili pasiwe na mtu wa kusema, "Huyu mke wa mchuuzi anakaa ndani mno." Akamficha vizuri. Akamficha vizuri mno. Siku za Mwanakheri za kukaa ndani zilirefuka, na hapakuwa na aliyeona, kwa sababu kazi yake haikupungua.

Katikati ya hayo Mwanakheri alijaliwa mtoto mmoja, binti, wakamwita Mwantumu. Wa pili hakuja.

Sasa, Mwanakheri alikuwa na shoga yake wa tangu utoto, Mwasiti. Domo kaya, mcheshi, mtu wa aina yangu. Ukimwambia jambo asubuhi, adhuhuri mbuzi wanalijua. Siku moja wakichimba udongo, Mwanakheri alipiga magoti ghafla, jembe likamtoka.

"Shoga, siku zako?" Mwasiti akanong'ona.

"Siyo. Ndiyo balaa lenyewe. Siku hizi tumbo linanishika hata kama sioni kitu. Naingia ndani, watu wanadhani ni mwezi. Si mwezi."

"Basi twende ng'ambo ya mto kwa yule tabibu mwanamke."

"Niseme nini kwa watu? Kwamba nimekuwa ndani bila kuwa ndani? Wataniambia nimekimbia moto, nimemwachia wifi yangu kazi kwa uongo. Na somo wangu nimtazame vipi? Niapie, Mwasiti. Wewe naujua mdomo wako. Niapie kwa mwanangu."

Mwasiti akaapa kwa Mwantumu. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafunga mdomo. Alikonda. Watu walimuuliza kama anaumwa. Alikuwa anaumwa na siri.

Mwezi ukapita. Ikafika siku ya moto mkubwa, vyungu vimejaa uwanja mzima. Mwanakheri yuko wapi? Yuko ndani. Bi Nyamvula aliyekuwa akisimamia moto akasema, "Yuko ndani," akaongeza makumbi. Chausiku akatoa kigae majivuni, akakipeleka. Kikagonga mlango. Akarudi kupanga vyungu. Akapeleka kingine. Cha kwanza kilikuwa pale pale kizingitini, kimepoa, hakikuguswa. Chausiku akadhani wifi amelala. Akasema moyoni, alhamdulillahi, leo amepata nafuu.

Mwasiti alikiona kile kigae. Akasimama nacho mkononi. Akaenda hadi penye moto, mbele ya wazee, mbele ya wanaume, mbele ya watoto, akapiga kelele:

"Yuko ndani, lakini si siku zake! Mnanisikia? Si siku zake! Anakufa mule!"

Mlango ukavunjwa. Wakamkuta amejikunja, kona ya kanga imo mdomoni, ameiuma ili sauti isitoke.

Walimbeba na kitanda chake, wakavuka mto. Yule tabibu alimgusa tumbo, akauliza, "Limeanza kuuma lini?" Bi Nyamvula alijua tangu lini lilianza. Chausiku alijua lilivyozidi. Mwasiti alijua lilivyobadilika. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, kama kigae, na hawakuwahi kuviunganisha vikawa chungu.

"Mngemleta mapema," tabibu akasema.

Mwanakheri akafumbua macho, akamshika Mwasiti mkono. "Shoga, umesema," akamwambia. Kisha akakata roho. Na mpaka leo Mwasiti hajui kama yalikuwa malalamiko au shukrani.

Wakamzika. Vyungu vya siku ile, vilivyoachwa motoni bila mtu, havikupasuka hata kimoja.

Miaka ikaenda. Mwantumu akakua, ana mikono ya mama yake. Na asubuhi moja akavunja ungo, na tumbo likamshika kwa namna ile ile. Akajikunja. Akauma kamba za kitanda kile kile.

Binti hana mama, hajapangiwa somo. Wakaja watatu mlangoni. Bi Nyamvula, mgongo umepinda, ana tangawizi mkononi. Chausiku, ana kigae cha moto ndani ya kanga. Mwasiti, mikono mitupu.

Bi Nyamvula akasema, "Mimi ndiye somo wa mama yake. Nilimpa mgongo wa kusimamia. Miaka yote ile alisimama kwa maneno yangu. Nani mwingine alimsugua kiuno mpaka viganja vikavimba?"

"Ulimpa na kanga ya kuziba mdomo," Mwasiti akamjibu.

"Nilimwambia awanyamazie watu. Sikumwambia ainyamazie mauti."

"Ulimwonyesha mwisho wa kunyamaza uko wapi?"

Yule bibi akaitazama tangawizi yake. "Hapana," akasema. "Kwani mimi nilionyeshwa na nani? Lakini sasa naujua. Nimeuona. Hakuna somo mji huu anayeujua kama mimi. Niacheni nikamfundishe mjukuu wangu sheria nyingine, kabla sijafa na ile ya zamani."

Chausiku akasema, "Nyinyi mlimpa maneno. Mimi nilimpa usingizi. Mtoto anaumwa sasa hivi, na kigae kinapoa tukibishana. Huyu nimemlea mimi, amekula mkononi kwangu."

"Kigae chako, Chausiku, kilimficha," Bi Nyamvula akasema. "Na kazi uliyomfanyia ilimficha zaidi. Ungemwacha akosekane siku moja, tungeuliza."

"Mngeuliza? Nyinyi?" Chausiku akacheka, kicheko kibaya. "Mngesema yuko ndani." Kisha akalia. "Kile kimoja kilipoa kizingitini na sikukisoma. Ningekuwa naye chumbani, si nje ya mlango, ningejua. Ndiyo maana leo nataka kuingia."

Mwasiti akasema, "Mimi nilisema. Kati yetu watatu, mimi ndiye niliyesema."

"Ulisema baada ya mwezi mzima," Chausiku akamkata. "Sisi hatukujua. Wewe ulijua."

"Nilikuwa nimeapa kwa huyu mtoto!"

"Na ukavunja. Shoga yako alikwenda, na kiapo kikaenda. Huyu akikwambia jambo la mwili wake leo, kesho si litaimbwa motoni?"

"Litaimbwa," Mwasiti akasema taratibu. "Likiwa la kumuua, nitaliimba asubuhi yake. Sina tangawizi, sina kigae, sijui kusugua. Nitamshika mkono nimpeleke ng'ambo ya mto, mji mzima ukitazama, akiona haya na aone haya."

Ndani, Mwantumu aliguna. Kisha sauti yake ikatoka chini ya mlango, nyembamba:

"Nawasikia. Nimesikia yote. Nani anaingia? Naumwa."

Nimeisimulia hii pwani na bara. Mji mmoja vikongwe walimtaka Bi Nyamvula, kwa kuwa aliyekosea ndiye asiyerudia. Penye baridi wakamtaka Chausiku, wakaniuliza kigae kinawekwa majivuni kwa muda gani, wakasahau hadithi. Kwingine wasichana walisema Mwasiti kwa sauti moja, mama zao wakawafinya. Nikasema watatu waingie wote. Nikazomewa, maana desturi ni mmoja, na ujanja wa msafiri haubadili mlango wa mtu. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mke wangu. Yeye akauliza, "Na mume alikuwa wapi?" Nikamjibu, "Alikuwa safarini, akiuza vyungu." Akanitazama mimi, akautazama mfuko wangu wa safari uliokuwa bado mlangoni, akaenda zake jikoni. Sikula vizuri siku ile.

Basi niambieni nyinyi. Mlango unapitisha mmoja. Kigae kinapoa, tangawizi inanyauka, na mikono mitupu inangoja. Binti wa Mwanakheri yuko ndani. Je, nani alistahili kuingia?