Neno la Senkondo

Mwaka 1957, mwishoni mwa kiangazi, ndipo watu wa huku milimani Upare walipoanza kusema: "Sori hainyweshi maharagwe." Mmeisikia asubuhi hii kwa jirani, mkacheka, kisha mkaniuliza ilikotoka. Ketini basi. Atakayenikatiza, na aimalize hadithi mwenyewe.

Senkondo alikuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge, alikotumika nyumbani kwa Mzungu mmoja. Alirudi na neno moja la Kiingereza, akalitumia kama panga, kwa kila kazi. Akikukanyaga, sori. Akiingia msibani, sori. Akipita katikati ya wazee walioketi, sori. Asiposikia ulichosema, sori. Na ukimwomba jembe asilotaka kukuazima, sori vilevile. Watu walilipenda. Wanawake waliliigiza chemchemini, wakacheka.

Mwaka ule mvua za vuli zilichelewa. Maji yetu yote yalikuwa ya ndiva, bwawa la udongo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Desturi ilikuwa hii: aliyenywesha shamba leo ndiye anayeliziba tundu la ndiva jioni, kwa gogo lililovikwa majani ya mgomba na kukandikwa tope, ili wa kesho akute maji. Siku zile hakuna aliyetulia. Watu waliupanda na kuushuka mfereji, wakayatazama mawingu, wakagombana bila sababu, wakaupanda tena.

Baada ya zamu ya Senkondo ilifuata ya Nakijwa, mjane mwenye watoto wadogo. Maharagwe yake yalikuwa yametoa maua, na hayo ndiyo yaliyokuwa chakula chao. Hawakuwa na kingine. Jioni ile Senkondo alisikia ngoma ya harusi ng'ambo ya bonde. Akaliegemeza gogo tu tunduni, akaenda kucheza. Asubuhi Nakijwa alikuta tope. Zamu yake nyingine ingefika maua yakiwa yamekwisha kupukutika.

Senkondo akaitwa mbele ya Mzee Mrutu, mgawa maji.

"Sori, mama," alisema.

Nakijwa alikuwa akiitazama mikono ya Senkondo.

"Mama, nimesema sori!"

"Nimesikia, mwanangu. Sasa twende ukayaambie yenyewe."

Akamshika mkono, akamwongoza mpaka shambani, watu wakawafuata.

"Sema."

"Niseme na majani, mama?"

"Hata jogoo huwa unamwambia sori kabla ya kumchinja!" mtu mmoja akapaza sauti. "Sema, Mzungu wetu!"

Akasema. Watu wakaangua kicheko. Nakijwa hakucheka. Aliinama, akaliinua jani lililojikunja.

"Halijaamka. Labda hukulitamka vizuri. Rudia."

Senkondo hakurudia. Alilitazama jani, akawatazama watoto waliokaa juu ya tuta, na kicheko kikafa.

"Sori hainyweshi maharagwe, mwanangu," Nakijwa akasema.

"Mto uko bondeni," Mzee Mrutu akaongeza, "na debe liko kwangu."

Tangu asubuhi ile Senkondo alishuka bondeni na kupanda na debe begani, mpaka ngozi ya bega ikachubuka. Alimwagilia shina kwa shina. Maua mengine yalianguka, mengine yakashika. Kisha zamu yake ya ndiva ikamrudia. Mahindi yake mwenyewe yalikuwa yamesinyaa, na watu walisimama kando ya mfereji kuona atafanya nini. Alichukua jembe, akaufunga mkondo uliokwenda kwake, akaufungua ule wa Nakijwa.

"Senkondo, leo neno lako umeliacha wapi?" wakamtania.

Maji yalikuwa yakiingia kati ya matuta, naye akayafuata kwa jembe mpaka tuta la mwisho. Jioni alilivika gogo majani mapya, akaliziba tundu, akalikanyagia tope kwa kisigino mpaka hapakuvuja hata tone.

Nakijwa alikuwa amesimama ukingoni.

"Sasa nimekusikia," alisema.

Sori hainyweshi maharagwe.