Mfereji Mwembamba wa Siwema

Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Walitaka tujue kwamba windo humkimbia mwenye papara, likaangukia mikononi mwa anayejua kunyata. Siwema, binti wa kidato cha tatu kutoka Lipangalala, aliusikia msemo huo tangu utotoni, ila siku ya mashindano ya sayansi mjini Ifakara nusura umponyoke.

Nafasi ya kwenda mashindano ya mkoa, Morogoro, ilikuwa moja tu, nao walikuwa wamebaki wawili: yeye na Lukelo, kijana hodari wa masomo na hodari zaidi wa kejeli. Kila mmoja alikuwa ametengeneza kifaa cha kupima maji ya shamba: vioo viwili vilivyobandikwa pamoja, katikati yake mfereji mwembamba kama uzi, na juu yake lenzi ya kuchungulia. Kwa mabomba ya sindano, upande mmoja yaliingia maji mekundu ya maua ya choya, upande wa pili maji ya shamba. Yakiwa na magadi, ambayo huunguza mpunga, wekundu ule hugeuka kijani.

Mwamuzi, Mwalimu Katarina, aliwapa wote maji ya chupa moja. "Mna dakika ishirini. Yana magadi, au hayana?"

Lukelo akashika mabomba yake ya sindano, akayasukuma kwa dole gumba. "Madam, hayana!" alipaza sauti kabla dakika mbili hazijaisha. Makofi yakarindima.

Siwema hakutaka kuachwa nyuma. Naye akasukuma kwa nguvu, akachungulia kwenye lenzi: mekundu kushoto, meupe kulia, sambamba mpaka mwisho kama majirani wasiosalimiana. Akaanza kuinua mkono akubali yaishe.

Hapo akamkumbuka mama yake, Kandida, akifungulia maji kwenye jaruba lake la mpunga kule Mchombe. Mama hutoboa tuta kidogo tu. "Maji ya kishindo yanapita, mwanangu," husema. "Ya taratibu ndiyo yanayonywewa."

Siwema akashusha mkono. Ndani ya mfereji mwembamba vile hakukuwa na wimbi la kukoroga! Vichembe vya magadi vilipaswa kuvuka vyenyewe, kimoja kimoja, naye hakuwa amevipa muda. Akachomoa visukumio, akaweka kiti mezani, akayafunga mabomba kwenye mguu wake, akayashusha mpaka yakawa juu ya kioo kwa unene wa kidole. Maji yakaanza kutambaa kwa uzito wake yenyewe.

"Unasubiri yachipue?" Lukelo alimtania. Watu wakacheka.

"Acha yachipue, kaka."

Dakika ya nane, rangi haijageuka. Hakuyagusa mabomba. Dakika ya kumi na mbili, palipokutana rangi mbili, pakatokea ukingo wa kijani. Ukanenepa, ukanenepa tena!

"Madam, njoo uone! Yanavuka! Yana magadi!" Siwema aliruka hadi kiti kikayumba.

Mwalimu aliinamia lenzi, kisha akacheka kwa furaha. "Niliyatia mwenyewe asubuhi. Siwema, funga begi."

Lukelo alijaribu upya polepole, na kijani kikatokea kwake pia. "Umenimaliza," alisema, akampa mkono.

Siwema akaazima simu. "Mama, shikamoo! Naenda Morogoro!"

"Marahaba! Umewezaje, mwanangu?"

"Nimefungulia maji kama wewe."

Mama akapiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Na hivyo ndivyo ilivyo: simba mwenda pole ndiye mla nyama.